Kabla ya Kusaini: Valvu ya Moyo na Daktari wa Pili

Karatasi ya eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, ikifika nyumbani husomwa na kila mtu. Binti wa kidato cha nne huanza, akitamka maneno asiyoyajua kama anayesoma kwa mwalimu mkali. Mjomba aliyewahi kuuza duka la dawa huichukua, akaielekeza kwenye mwanga, akatikisa kichwa. Jirani huuliza kama si ule "moyo mkubwa" uliomchukua marehemu baba Fulani. Shangazi aliyeko Muscat hutumiwa picha kwa WhatsApp, na kabla ya magharibi ameshajibu: huko siku hizi hawapasui vifua, wanapitisha mrija pajani na kesho yake mtu anakunywa uji. Taa zinapowashwa mgonjwa ana maoni ya watu watano. Daktari bingwa wa moyo ni mmoja wao, na pengine ndiye aliyezungumza kwa ufupi kuliko wote, maana foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Kwa hiyo mgonjwa wa valvu atapata maoni ya pili, atake asitake. Kilichobaki ni kuamua kama maoni hayo yatatoka pia kwa mtu mwenye ujuzi wa kuutazama moyo huo ukipiga kwenye skrini.

Moyo una valvu nne, na kila moja ni mlango wa njia moja: damu ipite mbele, isirudi. Mlango huo huharibika kwa namna mbili. Ama hubana, damu ikapenya kwa shida, ama hushindwa kufunga, damu ikavuja kurudi ilikotoka. Huko Ulaya na Marekani wagonjwa wengi wa valvu ni wazee ambao milango yao imekakamaa kwa chokaa ya miaka. Afrika Mashariki hadithi kubwa ni nyingine, na huanzia kooni. Mtoto wa darasa la tatu anaugua mafindofindo yaletwayo na bakteria wa streptokoka. Wiki chache baadaye inakuja homa ya rumatiki: viungo vinavimba, kimoja baada ya kingine, kisha vinatulia na kila mtu anasahau. Lakini kinga ya mwili wake, katika kupigana na bakteria, imeshambulia pia valvu, hasa ile ya mitrali iliyo upande wa kushoto wa moyo. Akifika miaka 24, ana mimba ya miezi sita, hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Anayetafuta habari za ugonjwa wake mtandaoni akumbuke tofauti hii, kwa sababu sehemu kubwa ya anachokisoma kiliandikwa kwa ajili ya mzee wa miaka 78.

Yako mambo ambayo madaktari wawili wazuri wanaweza kutofautiana kwa haki kabisa. Hapo ndipo daktari wa pili ana faida. Pengine pote ni nauli tu.

Jambo la kwanza ni kama ugonjwa wenyewe umetambuliwa. "Moyo umetanuka" ni hali, haijasema chanzo. Ni sawa na fundi kusema gari linatoa moshi. Wagonjwa wa valvu ya mitrali iliyobana hutibiwa pumu kwa miaka, na kwa kuwa wengine hukohoa damu, huanzishiwa hata dawa za kifua kikuu. Mtu aliyeambiwa ana moyo mkubwa kwa kupigwa picha ya kifua peke yake hahitaji maoni ya pili kwanza. Anahitaji eko yake ya kwanza.

Eko nayo ina tabia zake. Haifanani na mzani wa sokoni. Ni picha inayotegemea mkono wa anayeipiga. Valvu ya mitrali iliyo nzima hufunguka kwa sentimita za mraba 4 hadi 6, na ikifika 1.5 au chini ya hapo wataalamu huiita imebana sana. Kwa valvu ya aota, mlango wa damu iendayo mwilini, ukali huhesabiwa damu inapopita kwa kasi ya mita 4 kwa sekunde au zaidi, au upenyo ukiwa umeshuka hadi sentimita ya mraba 1. Upenyo huo wa aota haupimwi moja kwa moja. Mpimaji huchukua kipenyo cha njia iliyo chini ya valvu, na kipenyo hicho huzidishwa kwa chenyewe katika hesabu. Njia ya milimita 20 ikisomwa 18, jibu la mwisho hushuka kwa karibu moja ya tano, na mgonjwa mwenye 1.1 anaandikiwa 0.9. Milimita 2 zimemhamisha kutoka orodha ya kungoja hadi orodha ya upasuaji. Valvu inayovuja pia huonekana kuvuja zaidi siku ambayo presha imepanda, na ile ya mitrali iliyobana huonekana mbaya zaidi mapigo yakiwa ya haraka. Mtu aliyekimbilia daladala, akasubiri saa nne kwa njaa na hofu, hakupimwa katika hali yake ya kawaida. Kurudia eko presha ikiwa imetulia, kwa mpimaji mwingine, ndiyo maoni ya pili ya bei nafuu kuliko yote. Na inashangaza jinsi ambavyo watu hawaiombi.

Mwaka 2017 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 286 waliokuwa wamepelekwa kwao kwa rufaa, wa magonjwa ya kila aina. Utambuzi wa kwanza ulithibitishwa kama ulivyo kwa asilimia 12 tu. Kwa asilimia 21 ulibadilika kabisa. Waliobaki, ambao ndio wengi, ugonjwa ulielezwa kwa usahihi zaidi. Wagonjwa hao walikuwa wale ambao tayari walikuwa wamewatatiza madaktari wao, kwa hiyo si haki kudhani kwamba daktari wa wilaya hukosea kwa kiwango hicho. Lakini lile kundi kubwa la katikati ndilo linalofanana na watu wa valvu: ugonjwa ni uleule, ila maelezo yake yamekaa vizuri zaidi.

Jambo la pili ni wakati. Valvu iliyoharibika kidogo haipasuliwi, inafuatiliwa. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020 unasema aota iliyobana kidogo irudiwe eko kila baada ya miaka 3 hadi 5, ya wastani kila mwaka 1 au 2, na iliyobana sana bila dalili kila miezi 6 hadi 12. Dalili ndizo hubadilisha kila kitu: kuishiwa pumzi, maumivu ya kifua, kuzimia. Tatizo ni kwamba mgonjwa huzificha bila kujua. Mama aliyekuwa akipanda kilima na ndoo kichwani ameanza kumtuma mtoto. Akiulizwa, anasema hana tabu yoyote. Ndiyo maana anayekwenda naye kliniki awe mtu anayeishi naye, si yule mwenye cheo kuliko wote katika ukoo.

Jambo la tatu ni njia ya matibabu, na hapa shangazi wa Muscat anastahili kusikilizwa, ingawa amechanganya mambo mawili. Anachokizungumzia ni kazi iliyoanzwa na daktari Alain Cribier mjini Rouen, Ufaransa, tarehe 16 Aprili 2002, alipopeleka valvu mpya moyoni kupitia mshipa bila kufungua kifua. Leo wazee wengi wenye aota iliyokakamaa hutibiwa hivyo. Binti wa miaka 24 mwenye mitrali iliyoharibiwa na homa ya utotoni hayumo katika kundi hilo. Hata hivyo iko njia nyingine inayoanzia pajani, na hiyo huenda ikamfaa: puto. Mwaka 1982 daktari Kanji Inoue wa Japani alipitisha puto hadi kwenye mitrali iliyobana, akalijaza, akazitenganisha kingo zilizoungana. Kifua hakifunguliwi, na valvu inabaki kuwa ya mgonjwa mwenyewe.

Lakini puto si la kila mtu. Daktari hutazama unene wa valvu, chokaa, wepesi wake wa kucheza na hali ya kamba zinazoishikilia, kisha hutoa alama 1 hadi 4 kwa kila kimoja. Jumla ikiwa 8 au chini yake, puto huwa na matumaini mazuri. Damu iliyoganda kwenye chumba cha juu cha moyo, au uvujaji ulio zaidi ya mdogo, hufunga njia hiyo, na mara nyingi hilo huthibitishwa kwa eko inayopitishwa kooni. Sasa, hospitali isiyo na vifaa vya puto wala mtaalamu wake inaweza kumpa mgonjwa chaguo moja tu, kisu, bila nia yoyote mbaya. Fundi hushauri kwa kifaa alicho nacho. Swali la kumuuliza daktari wa kwanza ni jepesi: "Alama za valvu yangu kwa ajili ya puto ni ngapi?" Kama hazikuhesabiwa, sababu ya kumwona daktari wa pili imepatikana.

Vivyo hivyo kwa kukarabati badala ya kubadilisha. Mfaransa Alain Carpentier aliujengea ukarabati wa mitrali misingi inayofuatwa hadi leo, na valvu iliyokarabatiwa vizuri humwepusha mgonjwa na mizigo mingi. Ila valvu iliyokunjamana kwa homa ya rumatiki ni ngumu kushona kuliko ile iliyolegea kwa uzee, na matokeo hutegemea sana mikono. Kumuuliza daktari mpasuaji amekarabati ngapi za namna hii kwa mwaka si utovu wa adabu. Mtu humuuliza fundi wa paa swali hilohilo.

Jambo la nne ni aina ya valvu, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndilo linaloharakishwa kuliko yote kliniki wakati ndilo mgonjwa ataishi nalo kila asubuhi.

Tangu Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards walipofanikiwa kuweka valvu bandia ya mitrali huko Oregon, Marekani, mwaka 1960, chaguo limebaki la pande mbili. Valvu ya chuma hudumu, lakini damu hupenda kuganda juu yake, hivyo mgonjwa hunywa wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote na kupima INR, kipimo cha nguvu ya dawa hiyo, mara kwa mara. Dozi ikizidi anavuja damu. Ikipungua valvu inaziba au donge linakwenda kwenye ubongo. Mchicha, kisamvu na sukuma wiki havikatazwi. Vinatakiwa viliwe kwa kiasi kisichopandapanda na kushuka, kwa sababu vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa. Valvu ya tishu, inayotengenezwa kwa mnyama, kwa kawaida haihitaji wafarini ya maisha, ila huchakaa. Kwa mzee inaweza kutosha hadi mwisho wa safari yake. Katika mwili wa kijana huchakaa mapema zaidi, na upasuaji wa pili ni mzito kuliko wa kwanza.

Kizazi kilichokulia kwenye mabanda ya video kinamkumbuka Arnold Schwarzenegger kama Komando asiyepigwa risasi. Moyo wake una historia nyingine. Mwaka 1997, akiwa hana dalili kubwa, alipasuliwa kwa ajili ya valvu ya aota aliyozaliwa nayo na kasoro: alihamishiwa hapo valvu yake mwenyewe ya upande wa mapafu, na kule ilikotoka akawekewa nyingine. Ile ya upande wa mapafu ilibadilishwa Machi 2018, miaka 21 baadaye. Mpya ilikuwa ipitishwe kwa mrija, lakini mambo yalikwenda kombo na kifua kikafunguliwa kwa dharura. Timu ya upasuaji ilikuwa imesimama tayari. Mwaka 2020 ikafuata aota. Mtu mwenye uwezo wa kwenda hospitali yoyote duniani bado alirudi mezani mara mbili. Familia inayoambiwa "tutaweka ya tishu, hakuna dawa" iulize pia: "Itakapochakaa, nani ataibadilisha, wapi, na kwa bima ipi?"

Mwongozo wa Marekani huelekeza walio chini ya miaka 50 kwenye chuma na walio juu ya 65 kwenye tishu, kwa ujumla. Uliandikwa kwa watu ambao maabara ya INR iko mtaa wa pili. Kama ya karibu iko safari ya siku nzima, umri peke yake hautoshi kuamua. Na kwa mwanamke anayetaka kuzaa, hesabu inageuka tena: wafarini inaweza kudhuru mimba, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, na kuiacha kiholela huhatarisha valvu na uhai wa mama. Msichana aliyewekewa chuma bila mtu kumuuliza kama anatarajia watoto ametendewa nusu ya kazi. Swali hilo mara nyingi haliulizwi kwa sababu chumbani yupo baba yake, au mkwe. Aombe kuonana na daktari peke yake, au na mama mmoja anayemwamini.

Kwa msomaji Mwislamu kuna jambo jingine: baadhi ya valvu za tishu hutoka kwa nguruwe, nyingine hutengenezwa kwa gamba la moyo wa ng'ombe. Masheikh wengi hulitazama hili kwa mlango wa dharura, lakini ni haki ya mgonjwa kujua na kuchagua kabla, asije akagundua wodini kwa kusikia mazungumzo ya wauguzi.

Daktari wa pili naye anaweza kukosea. Akisema wafarini ni dawa ya kizamani na kuna vidonge vipya visivyohitaji vipimo, mgonjwa asichukue haraka. Mwaka 2013 ilichapishwa taarifa ya jaribio la dabigatrani, kimojawapo cha vidonge hivyo, kwa wenye valvu za chuma; lilikuwa limesimamishwa kabla ya muda kwa sababu walioinywa walipata madonge ya damu zaidi na kuvuja damu zaidi. Mwaka 2022 utafiti wa INVICTUS, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24, uliwatazama watu ambao valvu zao zimeharibiwa na homa ya rumatiki na mapigo yao hayana mpangilio. Dawa za kundi la wafarini ziliwalinda kuliko rivaroksabani, kidonge kingine kipya, na waliokufa walikuwa wachache zaidi. Kipya hakikushinda.

Zipo siku ambazo safari ya daktari wa pili haifai kabisa. Mtu anayehema akiwa amekaa, anayekohoa povu lenye rangi ya waridi, aliyezimia, aliyepinda mdomo au kufa ganzi upande mmoja, mjamzito anayezidiwa, au mwenye valvu mbovu na homa isiyoisha (huenda valvu yenyewe imeingiliwa na bakteria), huyo anabaki hospitalini. Atibiwe kwanza. Maoni ya pili yamfuate kitandani: familia iombe daktari mwingine wa hapo amwone, au picha zitumwe kwenye hospitali kubwa naye akiwa kwenye dripu.

Asiye katika hali hiyo aanze kwa kumuuliza daktari wa kwanza: "Naweza kungoja kwa usalama hadi lini?" Tarehe iandikwe. Maoni ya pili yasiyo na tarehe ya mwisho hugeuka kuwa kutangatanga, na wapo waliozunguka miaka miwili hadi moyo ukachoka kiasi cha kutofaa tena kupasuliwa.

Wengi huogopa kumuudhi daktari. Nchini Kenya hati ya haki za wagonjwa ya mwaka 2013 inataja wazi haki ya kupata maoni ya pili, lakini kuinukuu hati mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe si njia ya kumpendeza. Adabu ya kwetu ina njia yake: mzigo unabebwa na wazee. "Shikamoo, daktari. Tunakushukuru kwa kutueleza. Jambo ni zito, na wazee nyumbani wameomba tusikilize na mtaalamu mwingine kabla ya kusaini. Tunaomba nakala ya ripoti na picha zenyewe." Daktari anayejiamini hatakasirika, mara nyingi atataja jina la mwenzake.

Hilo neno "picha zenyewe" ndilo la kushikilia. Karatasi ni maoni ya daktari wa kwanza yaliyoandikwa; daktari wa pili akisoma karatasi tu, amesoma maoni, hakuuona moyo. Aende na CD au kifaa chenye video za eko, eisiji, majibu ya damu, orodha ya dawa na dozi zake, na kadi ya kliniki hata kama imechakaa. Kinachotafutwa ni mahali ambapo puto na kisu vyote viko chini ya paa moja, ili asiwepo wa kusukuma upande wake pekee. Tanzania ilikuwa ikipeleka wengi India. Tangu mwaka 2015 ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete katika eneo la Muhimbili, Dar es Salaam. Uganda wana Taasisi ya Moyo iliyoko Mulago, Kampala. Kenya, Hospitali ya Tenwek kule Bomet imejijengea jina kwa kupasua valvu za homa ya rumatiki. Suala la bima liulizwe kabla ya kupanda basi, kwa maana rufaa isiyo na mhuri sahihi hurudisha watu getini.

Madaktari wakitofautiana, kura hazihesabiwi. Kila mmoja aulizwe anaogopa nini akifuata njia ya mwenzake. Majibu hayo mawili hufundisha kuliko mapendekezo yenyewe. Kama wote wanakubali kwamba valvu ifanyiwe kazi na wanabishana juu ya mwezi au chapa, mgonjwa achague anayemwelewa na anayeweza kumfikia kwa simu baadaye. Kama mmoja anasema pasua na mwingine anasema ngoja, waombwe wazungumze, au suala lipelekwe kwenye kikao cha pamoja cha madaktari wa moyo na wapasuaji. Daktari wa tatu ni wa hapo tu.

Wakati haya yote yanaendelea, dawa za kila siku haziachwi, na sindano ya penisilini ya muda mrefu, ile ya kuzuia homa ya rumatiki isirudi, hairukwi. Kaskazini mwa Uganda watoto 818 wa miaka 5 hadi 17, waliokuwa na dalili za mwanzo kabisa za ugonjwa huu kwenye eko, walifuatiliwa kwa miaka 2. Waliochomwa kila wiki 4, ugonjwa uliendelea kwa 3 tu; wasiochomwa, kwa 33. Kwa baadhi ya wagonjwa ambao valvu zimeharibika sana, chama cha moyo cha Marekani kilishauri mwaka 2022 wapewe vidonge badala ya sindano, kwa hofu kwamba moyo dhaifu unaweza kuzimika baada ya kuchomwa. Hilo ni swali jingine la kumpelekea daktari wa pili. Hadi atakapojibu, kama sindano iko Jumanne na miadi ni Ijumaa, mgonjwa anachomwa Jumanne, kadi inagongwa mhuri, na kadi hiyo inaingia kwenye bahasha pamoja na CD.